Mkutubi Naye ni Mwalimu: Maktaba ya Chuo Inavyofundisha, na Mkutubi Anavyolelewa Kufundisha



Karibu kila mwanakwaya katika parokia zetu anaujua usemi kwamba anayeimba vizuri anasali mara mbili. Tunauona kwenye fulana za kwaya na kadi za michango, tunausikia katika mahubiri ya kumbukumbu ya Mtakatifu Sesilia, na mara nyingi unaambatana na jina moja: Mtakatifu Agostino. Sasa jaribu jambo dogo. Mwombe anayeusema akuonyeshe Agostino aliuandika katika kitabu gani na sura gani.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaugusa usemi huo katika namba 1156, na tanbihi yake inatuelekeza kwenye maelezo ya Agostino juu ya Zaburi ya 72. Lakini tanbihi hiyo inaanza na kifupisho chenye maana ya “linganisha”. Haisemi kwamba maneno yenyewe yapo huko, bali kwamba huko kuna wazo linalokaribiana nayo. Frateri mwenye haraka hukipita kifupisho hicho bila kukiona. Asiye na haraka anakutana na kikwazo cha pili: Agostino alifuata hesabu ya Zaburi ya Biblia ya Kilatini, hivyo Zaburi yake ya 72 ndiyo ya 73 katika Biblia nyingi tunazotumia leo. Akivuka hapo, anamkuta Agostino akieleza kwamba anayeimba sifa hasifu tu, bali anasifu kwa furaha, tena anampenda yule anayemwimbia. Ni wazo zuri, pengine zuri kuliko usemi wenyewe. Ila habari ya “mara mbili” haipo pale.

Katika safari hiyo fupi frateri amejifunza kusoma tanbihi, amejua kuwa Zaburi zina hesabu mbili, na ametofautisha maneno ya mtu na wazo la mtu. Zaidi ya hayo, siku atakaposimama mimbarini atasema lililo kweli. Nani aliyemfundisha? Pengine ni mwalimu wa somo la Mababa wa Kanisa. Lakini katika vyuo vingi mtu anayemshika mkono mwanafunzi katika safari ya namna hiyo ni mkutubi.

Makala hii ina jambo moja la kusema: mkutubi wa chuo ni mwalimu, na kwa kuwa ni mwalimu, anahitaji kulelewa katika ualimu maisha yake yote, kama tunavyosema kuhusu padre.

Kutoka mtunza funguo hadi mwalimu

Kanisa limeishi na vitabu tangu mwanzo. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 48 ya Kanuni yake, aliagiza kila mmonaki apewe kitabu wakati wa Kwaresima, akisome mfululizo hadi mwisho. Mtu wa kutunza na kugawa vitabu hivyo alikuwa mhudumu wa roho za wenzake. Karne nyingi baadaye Achille Ratti, padre aliyetumikia Maktaba ya Ambrosiana mjini Milano na kisha kuwa mkuu wa Maktaba ya Vatikano, alichaguliwa mwaka 1922 kuwa Papa Pio XI. Katika upapa wake, mwaka 1934, ilianzishwa shule ya ukutubi ya Vatikano. Papa aliyewahi kuwa mkutubi alijua kwamba kazi hiyo haitoshi kujifunzwa kwa kuangalia tu wengine wanavyofanya.

Hata hivyo, kwa muda mrefu mafunzo ya ukutubi yalijikita katika kuorodhesha vitabu, kuvipanga na kuvihifadhi. Kufundisha watu halikuwa sehemu kubwa ya mafunzo hayo. Katika vyuo vya Marekani hali ilianza kubadilika wazi katika miaka ya 1960. Katika chuo cha Earlham, jimbo la Indiana, mkutubi Evan Farber na wenzake walikubaliana na walimu kwamba mafundisho ya maktaba yaingie ndani ya masomo yenyewe, wakati mwanafunzi ana kazi mkononi. Mwaka 1971 chuo kikuu cha Eastern Michigan kilianzisha kituo kiitwacho LOEX, ambapo wakutubi walibadilishana vifaa vya kufundishia. Mwaka 1974 Paul Zurkowski alileta istilahi ambayo leo tunaweza kuieleza kwa Kiswahili kuwa ni stadi za taarifa: uwezo wa kutambua kwamba unahitaji taarifa, kuitafuta, kuipima na kuitumia kwa haki.

Huku kwetu Afrika Mashariki, shule ya ukutubi ilianzishwa Makerere mwaka 1963 kwa ajili ya nchi zote za eneo hili, na Tanzania ina chuo chake cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka pale Bagamoyo. Tunao watu waliosomea kazi hii. Lakini katika seminari nyingi mwenye ufunguo wa maktaba ni padre mlezi mwenye vipindi vingine kumi, au sista aliyepangiwa kazi hiyo bila kuandaliwa, au mlei mwenye cheti cha ukutubi ambaye hajawahi kufundishwa namna ya kusimama mbele ya darasa. Siku ya kwanza ya mwaka anaambiwa, “Waonyeshe mafrateri wapya maktaba.” Naye anawaonyesha.

Dakika hamsini na tano za Dewey

Nami nilianza hivyo. Nilipewa saa moja na mafrateri wa mwaka wa kwanza wa falsafa. Nikatumia dakika hamsini na tano kuwaeleza namba za Dewey: 100 ni falsafa, 200 ni dini, 220 ni Biblia, 230 ni teolojia ya Kikristo. Nikaeleza saa za kufungua na adhabu ya kuchelewesha kitabu. Dakika tano za mwisho nikauliza kama kuna swali. Kimya. Nikaondoka nikidhani wameelewa.

Wiki iliyofuata frateri mmoja akanijia kwa sauti ya chini: “Samahani, Mwalimu, vitabu vya Mtakatifu Agostino vinakaa wapi?” Alikuwa amevipa mgongo. Nilimgeuza taratibu tukacheka wote wawili, lakini jioni ile sikucheka tena. Aliniita mwalimu, nami nilikuwa sijamfundisha kitu.

Baadaye nilielewa kwamba ule ukimya haukuwa wa kuelewa. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani Constance Mellon alichapisha matokeo ya utafiti aliofanya kwa kusoma maandishi ya wanafunzi wa chuo kikuu kuhusu siku zao za kwanza za kutafuta habari maktabani. Kati ya asilimia 75 na 85 walieleza hali hiyo kwa lugha ya hofu. Walijiona wamepotea, walidhani wenzao wote wanajua isipokuwa wao, na waliona aibu kuuliza wasije wakaonekana wajinga. Mellon aliiita hofu ya maktaba.

Sisi tunasema kuuliza si ujinga, lakini katika nyumba ya malezi, ambapo kila mtu anahisi anatazamwa, methali hiyo haitoshi. Kwa hiyo jambo la kwanza analofundisha mkutubi si namba wala katalogi. Anamfundisha mwanafunzi kwamba kutojua mahali pa kuanzia ni hali ya kawaida ya kila mtafiti. Njia nzuri ya kulifundisha hilo ni kutafuta mbele yao kitu ambacho mkutubi mwenyewe hajakipata bado, wamwone akikosea neno la kutafutia, akirudi nyuma na kuanza upya.

Mambo sita ya kufundisha

Je, afundishe nini zaidi ya mahali pa rafu? Chama cha maktaba za vyuo na utafiti cha Marekani, kinachofahamika kwa kifupi ACRL, kilipitisha viwango vya stadi za taarifa mwaka 2000. Viwango hivyo vilikuwa orodha ndefu ya vitu ambavyo mwanafunzi anapaswa kuweza kufanya. Mwaka 2016 chama hicho kilipitisha mwongozo wa namna nyingine, uliojengwa juu ya mawazo makuu sita badala ya orodha. Tuyatazame kwa macho ya seminari.

La kwanza linahusu mamlaka ya msemaji. Mwongozo unasema mamlaka hujengwa na watu na hutegemea muktadha. Hapa Mkatoliki aende polepole. Mamlaka Funzi ya Kanisa tunakiri yanatoka kwa Kristo, hayakutungwa na jumuiya ya wasomi. Lakini Kanisa lenyewe linatufundisha kutofautisha uzito. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Kanisa, Lumen Gentium, katika namba 25, inaeleza kwamba nia ya Baba Mtakatifu hutambulikana kwa aina ya hati, kwa kurudiwa kwa fundisho, na kwa namna ya kusema. Waraka kwa Kanisa zima, katekesi ya Jumatano na jibu alilompa mwandishi wa habari ndani ya ndege havina uzito mmoja. Frateri anayeweka vyote kapu moja hajatii zaidi ya wengine. Hajasoma vizuri tu.

La pili ni kwamba kila andiko lina namna lilivyotengenezwa. Makala ya jarida la kitaaluma imepitiwa na wasomi wengine kabla ya kuchapwa; ujumbe wa simu umepitiwa na kidole kimoja. Hati rasmi za Kiti Kitakatifu huchapwa katika Acta Apostolicae Sedis, iliyoanza mwaka 1909, na anayetaka maneno kamili huenda huko.

La tatu ni kwamba taarifa ina thamani. Kuchukua kazi ya mtu bila kumtaja ni jambo la amri ya saba kabla halijawa jambo la kanuni za mitihani.

La nne ni kwamba utafiti ni kuuliza, na swali zuri huzaa swali lingine. “Ndoa” si swali. “Kwa nini vijana wa kigango fulani wanachelewa kufunga ndoa kanisani baada ya kutoa mahari?” ni swali.

La tano ni kwamba usomi ni mazungumzo. Hili wanafalsafa na wanateolojia wetu wanapaswa kulielewa kuliko wote, kwa sababu wanalo mikononi. Fungua Summa ya Mtakatifu Toma wa Akwino mahali popote. Anaanza na hoja za wanaompinga, anazieleza kwa haki, ndipo anatoa jibu lake na kurudi kujibu kila hoja. Mwanafunzi akiona hivyo, anaacha kudhani kwamba kazi yake ya kuhitimu ni kukusanya nukuu za watu wanaokubaliana naye.

La sita ni kwamba kutafuta kunahitaji mkakati. Anayeandika “Ekaristi” katika katalogi na kupata vitabu mia nne, na anayeandika neno lilelile na kukosa kitabu anachokitaka kwa sababu kimeorodheshwa kwa Kiingereza au Kilatini, wote wanahitaji kufundishwa kubadilisha maneno, kubana na kupanua.

Namna ya kufundisha

Mambo sita hayo huwezi kuyamaliza kwa saa moja, na hapo ndipo mkutubi mpya hukosea kwa kujaribu. Njia zifuatazo hazihitaji fedha.

Kwanza, panga kuanzia mwisho. Waalimu wawili wa Marekani, Grant Wiggins na Jay McTighe, waliieleza njia hii katika kitabu chao cha mwaka 1998. Usianze kwa kujiuliza utasema nini. Anza kwa kujiuliza mwanafunzi ataweza kufanya nini atakapotoka mlangoni, na utajuaje kwamba ameweza. Chagua jambo moja. Kwa mfano: “Ataweza kufuata tanbihi moja ya Katekisimu hadi kwenye chanzo chake.” Ukishalijua hilo, namba za Dewey zinarudi mahali pake, kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Pili, wape kazi mapema. Ile saa moja niliyokuwa naitumia kuhutubia sasa naigawa hivi: dakika tano za kueleza tatizo, dakika kumi za kuonyesha njia kwa mfano mmoja, dakika thelathini wao wenyewe wakitafuta wawiliwawili, na dakika kumi na tano za kueleza walichokuta na walipokwama. Usemi wa kwaya niliouanzia hapo juu ni kazi nzuri ya kipindi kimoja. Paulo Freire, mwalimu wa Brazili, alilaumu elimu inayomfanya mwanafunzi kuwa kama akaunti ya benki, mwalimu akiweka na mwanafunzi akipokea. Maktaba ndiyo mahali pa mwisho panapopaswa kufundisha kwa namna hiyo.

Tatu, fundisha wakati wa njaa. Kipindi cha maktaba cha wiki ya kwanza husahaulika, kwa kuwa frateri bado hana kazi ya kuandika. Kipindi hichohicho kikiwekwa wiki mbili baada ya mwalimu wa Maandiko kutoa swali la insha, kila mtu anasikiliza. Lakini hilo haliwezekani mpaka mkutubi akae na mwalimu wa somo, waangalie swali pamoja, na wakubaliane nani anafundisha nini. Farber na wenzake waliliona hilo zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na bado halijapata mbadala.

Nne, pima kabla hawajatoka. Njia rahisi ni karatasi ya dakika moja. Kila mmoja anaandika, bila jina, jambo moja alilojifunza na jambo moja ambalo bado halijaeleweka. Zikiwa karatasi ishirini, utazisoma kabla ya masifu ya jioni. Zinaumiza mwanzoni. Mara ya kwanza nilikuta karatasi saba zenye swali lilelile, juu ya jambo nililodhani nimelieleza vizuri kuliko yote.

Somo kwa parokia nzima

Mlei anayesoma makala hii anaweza kusema haya ni ya seminarini. Sivyo. Padre anayefundishwa leo maktabani ndiye atakayekuhubiria kesho, na wewe mwenyewe unapokea kwenye simu yako, katika kundi la jumuiya, maneno yanayosemekana ni ya Papa, unabii unaodaiwa ni wa mtakatifu fulani, na sala zenye vitisho kwa asiyezisambaza.

Mwaka 2017 watafiti wawili wa chuo kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walitoa matokeo ya uchunguzi uliolinganisha namna makundi matatu yanavyopima habari za mtandaoni: wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa Stanford, na wahakiki wa habari wa kitaaluma. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya ukurasa waliopewa, wakiusoma kwa makini kutoka juu hadi chini, na mara nyingi walidanganywa na muonekano mzuri. Wahakiki waliukaribia ukurasa kwa muda mfupi tu, kisha wakautoka, wakaenda kutafuta kwingine watu wanasema nini juu ya wenye ukurasa huo. Ndio waliopata ukweli kwa haraka na kwa usahihi zaidi.

Somo lake ni kubwa kwetu. Usomi peke yake haumlindi mtu. Kusoma kwa uangalifu kitu cha uongo hakukifanyi kiwe kweli. Lazima utoke nje ya ukurasa.

Chukua sala maarufu ya kuomba kuwa chombo cha amani, ambayo kadi nyingi za sala huiita ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Ukitoka nje ya kadi na kuitafuta katika maandishi ya Fransisko mwenyewe, huikuti. Ilijulikana kwa mara ya kwanza kwa Kifaransa, bila jina la mtunzi, katika gazeti dogo la kidini la Paris liitwalo La Clochette, mwaka 1912. Fransisko alifariki mwaka 1226. Je, tuache kuisali? Hapana. Ni sala njema, na imeongoza mioyo mingi kwenye msamaha. Lakini katekista akijua hivyo, atasema “sala inayohusishwa na Mtakatifu Fransisko”, na mtoto mdadisi wa kipaimara akija kukuta ukweli mtandaoni siku moja, hatadhani kwamba katekista alimdanganya na mengine pia. Imani ya mtoto huyo ndiyo iliyo hatarini, na kwa ajili yake inafaa tuhangaike na tanbihi.

Mkutubi anavyolelewa

Sasa turudi kwa mkutubi. Mwongozo wa msingi wa malezi ya kipadre uliotolewa Vatikano tarehe 8 Desemba 2016 unasisitiza kwamba malezi ni safari moja, isiyokoma siku ya daraja. Mapadre tunawaandalia semina za malezi endelevu. Mkutubi anayewafundisha mapadre wa kesho, nani anamlea?

Wenzetu wa ACRL waliona pengo hilo. Mwaka 1999 walianzisha mafunzo ya siku kadhaa ambapo wakutubi hukaa pamoja kujifunza kufundisha, na mwaka 2017 wakatoa waraka unaotaja sura saba za mkutubi anayefundisha: mtetezi, mratibu, mbunifu wa masomo, mwanafunzi wa maisha yote, kiongozi, mwalimu, na mshirika wa walimu wengine. Orodha hiyo inaweza kumtisha mtu aliye peke yake katika maktaba yenye kompyuta mbili na umeme wa kukatika. Lakini kukua kunaweza kuanza na hatua ndogo.

Hatua ya kwanza ni daftari. Kila baada ya kipindi, andika mistari mitatu: nilikusudia nini, wao walifanya nini kweli, na wakati ujao nitabadilisha nini. Sisi tuliozoea kuchunguza dhamiri kabla ya kulala hatushindwi na hili. Tofauti ni kwamba hapa tunachunguza somo, wala si dhambi kushindwa kueleweka. Kosa ni kurudia kipindi kilekile miaka kumi bila kukitazama.

Hatua ya pili ni kumwalika mwenzako akae nyuma ya darasa. Asiwe mkaguzi. Kabla ya kipindi mwambie jambo moja unalotaka akutazamie, kwa mfano, “Nihesabie nasubiri sekunde ngapi baada ya kuuliza swali.” Baada ya kipindi akwambie alichoona, wala asikupe alama. Kisha nawe ukakae nyuma ya darasa lake. Mwenzako anaweza kuwa mwalimu wa liturujia. Si lazima awe mkutubi. Mimi mwenzangu alihesabu sekunde mbili. Nilikuwa najibu maswali yangu mwenyewe.

Hatua ya tatu ni kukaa darasani kama mwanafunzi. Mkutubi anayehudhuria vipindi vichache vya teolojia ya maadili kila muhula ataelewa maswali yanayowaleta mafrateri maktabani, na walimu wataanza kumwona kuwa mwenzao.

Hatua ya nne ni kuunganika na wengine. Wakutubi wa seminari na vyuo vya kanda moja wanaweza kukutana mara mbili kwa mwaka, kila mmoja akileta somo moja lililofaulu na moja lililoshindwa. Nasisitiza lile lililoshindwa, maana ndilo linalofundisha. Mwongozo wa ACRL wenyewe unapatikana bure mtandaoni, na wakutubi wanane wakiusoma pamoja na kubishana nao, hasa pale kwenye mamlaka, wametimiza semina nzima bila gharama zaidi ya nauli na chai.

Wajibu wa wengine

Mkutubi hawezi peke yake. Gombera anaweza kufanya mambo matatu yasiyohitaji mfadhili: kuhesabu vipindi vya maktaba kama vipindi vya kufundisha, kumwita mkutubi kwenye kikao cha walimu wanapopanga masomo, na kutomhamisha kila baada ya mwaka kabla hajajua vitabu vyake wala walimu wenzake. Mwalimu wa somo anaweza kumwonyesha mkutubi swali la insha kabla ya kulitoa. Frateri anaweza kuuliza.

Na wewe muumini unaweza kuuliza pia, kwa heshima. Baada ya Misa, ukisalimiana na padre, mwambie: “Padre, yale maneno ya Mtakatifu Agostino yametugusa. Tunaomba utuelekeze yalipo, tuyasome kwenye jumuiya.” Padre aliyefundishwa vizuri atafurahi. Na aliyekuwa ameyaokota tu mtandaoni ataenda kutafuta usiku huohuo, na wiki ijayo atahubiri vizuri zaidi.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, Filipo anakimbilia gari la towashi Mwethiopia na kumkuta akimsoma nabii Isaya. Hamnyang'anyi kitabu, wala haanzi kwa kuhutubia. Anamuuliza kama anaelewa anachosoma. Yule mtu anakiri bila aibu kwamba hawezi pasipo wa kumwongoza, anamkaribisha apande, na wanaanzia pale pale alipokuwa amefika kusoma. Mwisho wa safari Filipo anaondolewa asionekane tena, na towashi anaendelea na njia yake akifurahi.

Ualimu wa mkutubi umo wote humo: kukimbilia, kuuliza, kupanda, kuanzia pale msomaji alipo, na hatimaye kuondoka, msomaji akiwa anaweza kuendelea mwenyewe. Jumatatu ijayo ukipita maktabani, usiogope. Yule aliye nyuma ya meza anasubiri swali lako.